Ukakasi wa Ngao

Shamba lilianza kulalamika kabla jua halijapanda sawasawa, na Nyemo Ndahani, ambaye kazi yake ilikuwa kulisikiliza, aliiacha chai yake ikapoa.

Kisikizi kilikuwa kidogo kama punje ya dengu, kimekaa ndani ya sikio lake la kushoto. Mizizi haisemi, hilo hata mtoto analijua. Lakini mizizi ya Ngao, zao la shamba lile, ilikuwa imefumwa pamoja na nyuzi za kuvu zilizopeleka habari kutoka shina hadi shina, na mashine ya kituo ilizigeuza habari hizo kuwa sauti ili binadamu, mvivu wa kusoma michoro, naye aambulie kitu. Shamba likiwa na kiu lilivuma. Likishiba lilinyamaza. Likiumwa lilitoa mlio mkavu, kama mtu anayekwangua ukoko wa ugali kwenye sufuria. Asubuhi ile upande wote wa magharibi ulikuwa unakwangua.

"Nzige," alisema Daktari Mbilinyi, mkuu wa kituo cha utafiti, macho yake yakiwa bado kwenye picha za anga. "Watangulizi."

"Watangulizi wa wapi? Kundi lenyewe halijavuka Kondoa."

"Basi nenda ukatazame ni nini kinachokula."

Nyemo alivaa kofia akatoka. Alipita katikati ya mistari, majani mekundu yakimgusa mabega, na kwa mara nyingine aliona fahari ambayo hakupenda kuionyesha mbele za watu. Ngao ilikuwa kazi ya ujana wake wote. Miaka ile mvua iligoma na nzige hawakugoma. Mahindi yalikwisha kabisa katika bonde la Chihembe, mtama ukafuata, na hata uwele, ambao wazee walisema hauna adui, ulibaki vijiti. Ngao ndiyo iliyosimama. Mdudu alipong'ata jani moja, jani hilo liliwaambia jirani zake, na majirani wakajaza majani yao ukakasi mpaka mdudu aliyerudi kwa tonge la pili akafungwa kinywa na kuondoka. Tena halikuwa shamba lenye kusahau. Kadiri lilivyoumwa ndivyo ukakasi ulivyopanda, na haukushuka. Punje tu ndizo zilizofungiwa nje ya ugomvi huo. Kituoni walikuwa wakinywa uji wa punje za Ngao mwaka mzima na hakuna aliyeumwa hata tumbo.

Alipofika kwenye uzio alikuta waya umeinuliwa kwa mti wenye panda, na ndani yake wanawake wa mtaa wa wahamiaji wameinama mstari mzima, kanga zimefungwa viunoni, nyungo chini. Vidole vyao vilikuwa vinakata ncha za matawi kwa haraka isiyohitaji macho. Kila ncha iliyokatika, kisikizi kilikwangua.

Wa mbele kabisa alikuwa Mama Matika, mdogo wa marehemu mama yake.

"Mbukwa, mama mdogo," Nyemo alisalimu kwa Kigogo, maana hata ukimfumania mkubwa wako kwenye wizi humnyimi salamu.

"Mbukwa, mwanangu. Umeamka salama?"

"Salama. Mnafanya nini humu?"

"Tunachuma mchicha. Kwani wewe umeona tunavua samaki?"

Wanawake walicheka. Nyemo alionyesha bango lililokuwa nyuma yao, lenye maandishi makubwa kwamba hiyo ni hifadhi ya nafaka ya Ngao na kwamba ni marufuku kuingia. "Huu si mchicha, mama mdogo. Ni Ngao."

Mama Matika alilitazama jani alilokuwa ameshika, kisha akamtazama binti wa dada yake, kama mtu aliyeambiwa kwamba mbuzi wake ni baiskeli. "Jani la mchicha, shina la mchicha, mboga ukiipika ni mchicha. Jina la ubatizo mmempa ninyi. Tena mnauacha unarefuka bure, wakati mchicha usipochumwa hauchipui vizuri. Mngetushukuru."

Na hapo ndipo Nyemo alipoelewa kosa la kituo lilipoanzia.

Neno mchicha lilipigwa marufuku kituoni tangu siku ya kwanza. Mkubwa mmoja wa wizara alikuwa ameuliza, huku akicheka, kama kweli anatakiwa kulitangazia taifa kwamba wokovu wake ni mboga ya mwisho wa mwezi. Ukatafutwa msamiati wa heshima. Ikawa nafaka, ikawa Ngao, na jina la zamani lilipotupwa, maarifa yake yakatupwa nalo. Walipima shamba dhidi ya nzige, viwavi, panya na kwelea. Wasomi wote wale, Nyemo akiwemo, watu waliokuzwa kwa ugali na mchicha, hakuna hata mmoja aliyekumbuka kupima mama mwenye ungo.

"Ukakasi hauwasumbui?" aliuliza polepole.

"Umezidi siku hizi. Tunatia magadi, tunatia karanga tukipata."

"Na maji ya kwanza mnayamwaga?"

Safari hii kicheko kilikuwa cha uchungu. Maji yalitoka bombani kwa alama ya dole gumba, ndoo moja kwa nyumba kwa siku, na bomba halikuwa na huruma wala masikio.

"Nani siku hizi anamwaga maji, Nyemo?" Mama Matika alisema. "Tunayanywa. Ndiyo supu yetu. Matika ndiye mnywaji mkubwa. Mimba ina miezi saba, na kliniki wamemwambia damu imepungua, ale mchicha kwa wingi."

Nyemo aliinamisha macho ili asionekane, na macho yakaangukia miguu ya mama yake mdogo. Ilikuwa imevimba. Kamba za kandambili zilikuwa zimezama kwenye nyama.

"Miguu imefanya nini?"

"Uzee. Mbona unaniangalia hivyo? Kuna neno?"

Lilikuwepo neno, tena lilikuwa fupi. Kulitamka pale, mbele ya wanawake wale wote, kungekuwa kazi ya pumzi moja.

"Hakuna neno," Nyemo alisema, akaona haya mpaka masikio yakapata moto.

*

Mbilinyi alilipima mara mbili jani ambalo Nyemo alitoka nalo shambani. Mara ya pili alifuta kioo cha mashine kwa shati lake, kana kwamba kosa lilikuwa vumbi.

"Mdudu anakula mara moja, anakimbia," alisema. "Hawa wanarudi kila siku. Shamba linadhani limezingirwa."

"Wanakula na supu yake. Ukakasi kiasi hiki utaziba figo, Daktari. Mama yangu mdogo miguu imeshavimba."

"Tuulaze ulinzi," Mbilinyi alisema.

"Nzige je?"

Picha ilikuwa mbele yao: doa la kahawia likishuka kusini, pana kuliko bonde lenyewe. Ulinzi ukilazwa leo, baada ya siku chache Chihembe ingebaki udongo mtupu, na hakukuwa na ghala lingine la kukimbilia. Watu wa bonde zima walikuwa wanaisubiri punje ile, waliosajiliwa na wasiosajiliwa.

"Basi tuwaambie," Nyemo alisema. "Tutumie spika. Tuseme jani lina sumu, punje haina."

Mbilinyi alikaa chini. Alikuwa mtu mpole, na woga wake haukuwa wa kubuni. "Nilikuwa kusini mwaka wa unga wa msaada," alisema. "Mfuko mmoja uliingia dawa ya panya. Mmoja, Nyemo. Tukatangaza namba ya mfuko, tukaeleza vizuri, mimi mwenyewe nilishika kipaza sauti. Watu waliumwaga unga wote mtoni. Miezi miwili baadaye nilikuwa nazika watoto. Mtu akisikia sumu haulizi iko kwenye jani au kwenye punje. Watang'oa shamba lote."

"Sasa tufanye nini?"

"Nitawasha umeme wa uzio. Kesho alfajiri."

"Watainua waya kwa mti kama walivyofanya leo. Mtu atafia pale."

Kwenye kisikizi, mkwaruzo ulikuwa umepungua; wanawake walikuwa wanarudi nyumbani kupika. Nyemo aliwaza Matika akipuliza supu ili ipoe, mkono mmoja tumboni, na akatafuta njia yoyote ya kumzuia isiyopitia mdomoni mwake. Njia hiyo alipoiona, aliifurahia kupita kiasi.

"Tuulete maua," alisema.

"Maua?"

"Dawa ya kuamsha maua tunayo, ile ya kuweka kwenye maji ya matone msimu ukikatika. Tuiweke leo. Mchicha ukishatoa maua hakuna anayeuchuma. Umezeeka, una nyuzi. Kwani wewe mama yako hakuwahi kukutuma mchicha? Ukileta wenye maua unarudishwa nao."

Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi Mbilinyi alitabasamu. Kisha hesabu ikamrudia usoni. "Ukiuamsha sasa masuke yatakuwa mafupi. Tutapoteza nusu ya mavuno."

"Nusu tutaipata. Tena itakomaa mapema."

"Nusu ya mavuno ni nusu ya sahani ya kila mtu katika bonde hili. Unataka nilipunguzie bonde zima chakula kwa sababu mtaa mmoja hausomi bango?"

"Bango linasema Ngao," Nyemo alisema. "Wao wameona mchicha."

Mbilinyi alizunguka meza, akarudi, akazunguka tena. "Na hakuna atakayehitaji kujua?"

"Hakuna."

Ukweli ni kwamba hilo ndilo lililowashawishi wote wawili. Haikuwa huruma peke yake. Ilikuwa raha ya kupata dawa isiyohitaji maelezo, na watu wenye elimu huipenda raha hiyo kuliko asali. Mbilinyi alifungua bomba la dawa kwa mkono wake. Halafu, kwa kuwa kanuni ilimtaka, alichukua kipaza sauti akatangaza mtaa kwa mtaa kwamba nzige wako njiani: watoto wakae ndani, visima vifunikwe, mifugo ifungwe. Kuhusu majani hakusema kitu.

*

Siku ya nzige, shamba lilianza kukwangua alfajiri, upande wa magharibi kwanza, kisha kaskazini, kisha kila upande, mpaka Nyemo akalazimika kupunguza sauti ya kisikizi. Alijua watangulizi wa kundi hufika kabla ya kundi. Hakutoka nje, kanuni ilikataza, na madirisha yalikuwa yamezibwa kwa turubai. Kisikizi hakikuwa na uwezo wa kutofautisha jino na kidole.

Adhuhuri kulifanyika giza. Sauti ya mabawa ilikuwa ya mvua, mvua ile ambayo watu wa Chihembe walikuwa wameisahau, na mlinzi mmoja getini alilia bila kujijua. Nzige walitua. Mlio ndani ya sikio la Nyemo ukapanda mpaka akakitoa kisikizi na kukiweka mezani, na hata pale mezani kiliendelea kulia. Mbilinyi alishika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. Ama kazi ya miaka yao yote ilikuwa kweli, ama haikuwa.

Kisha kundi likainuka, kwa mkupuo mmoja, kama kitambaa kinachokung'utwa. Waliinuka wakiwa na njaa yao, wakaelekea machweo. Waliotoka nje walikuta mashina yamesimama, majani yana matundu, na ardhi imetapakaa wadudu waliokufa vinywa vikiwa wazi.

Mtaa wa wahamiaji ulipiga vigelegele. Nyemo alivisikia akiwa katikati ya shamba na akacheka mwenyewe, machozi yakimtoka, maana ni nani asiyependa kuwa sahihi.

Maua yalitokea juma lililofuata, madogo, mekundu ya damu ya mzee. Wanawake walikuja asubuhi moja, wakatazama, wakashusha waya wakarudi. Siku iliyofuata hawakuja. Kisikizi kilivuma kwa utulivu tu, kiu kidogo, shibe kidogo, na Nyemo alilala usingizi ambao alikuwa hajaupata tangu asubuhi ya uzio. Alijiambia kwamba miguu ya mama yake mdogo sasa itapungua.

*

Nyemo alikwenda kumwona mama yake mdogo mchana mmoja, amebeba kilo mbili za punje za kituo kama zawadi kwa Matika. Alibisha hodi, akakaribishwa na sauti ndogo.

Matika alikuwa amelala kwenye mkeka kando ya ukuta. Uso wake ulikuwa umevimba hata macho yamebaki kama mikwaruzo, na vidole vya mkono uliokuwa juu ya tumbo vilikuwa vinene, vinang'aa. "Da Nyemo," alisema. "Samahani, siwezi kuinuka. Tangu jana hata mkojo sipati."

Mama Matika alikuwa jikoni, anakoroga. "Karibu ule. Ni mboga kavu, lakini leo nimepata karanga."

"Mboga kavu ya wapi?"

"Ya wapi tena? Hiyo."

Alionyesha kwa mwiko. Nyuma ya mlango, magunia yalikuwa yamepangwa mpaka yamegusa mabati, yote yamejaa, majani makavu mekundu yakichungulia kwenye mishono. Wagogo hukausha mboga tangu dunia ianze kuwa na kiangazi. Hakuna nyumba ya Mgogo inayoingia msimu wa njaa bila gunia lake, na Nyemo mwenyewe amekula mboga kavu utoto wake mzima. Alikuwa amekumbuka maua. Hakukumbuka jua.

"Ninyi si mlitangaza nzige?" Mama Matika aliendelea. "Tulichuma alfajiri ile mtaa mzima, mpaka mikono ikageuka myekundu. Ya nini tuwaachie wadudu? Nikawaambia wenzangu, hamadi kibindoni."

"Nyumba zote?"

"Nyumba gani itakosa?"

Nyemo alisimama katikati ya chumba na uongo mwingine ukamjia bila kuitwa, mzuri, umeshonwa tayari. Angesema magunia yameingia kuvu. Angeyachukua kwa gari la kituo, angeleta punje badala yake, na hakuna ambaye angejua. Lakini daktari wa figo angemuuliza Matika amekula nini, na Matika angejibu mchicha, na daktari angemwambia vizuri, endelea, unaongeza damu.

"Mama mdogo, kiipue hicho chungu."

"Bado hakijaiva."

"Kiipue. Msile. Jani hili lina sumu, na sumu yenyewe tumeitia sisi. Ndiyo iliyovimbisha miguu yako. Ndiyo iliyomlaza Matika. Anatakiwa hospitali sasa hivi, na waambiwe ni figo, na waambiwe ni kwa ajili ya nini."

Mama Matika hakupiga kelele. Aliipua chungu, akakiweka chini taratibu kama kitu chenye usingizi, akaenda kumfunga binti yake kanga. Nyemo aliita gari la kituo. Walimbeba Matika wawili, mzito wa maji yasiyotoka, akiuliza mtoto, mtoto je, na hakuna aliyethubutu kumwambia neno asilolijua. Muuguzi wa kituo alipanda naye. Mama yake hakupanda. Alisimama mlangoni, akatia mkono mdomoni akapiga yowe la kuita watu, na milango ya mtaa mzima ikafunguka.

Aliwaambia mwenyewe, kwa maneno machache, kisha akamtaka Nyemo ayarudie ili wasikie kutoka kwenye kinywa chenyewe. Nyemo aliyarudia. Alilitumia neno mchicha, lile lililokatazwa, na alisema sumu mara nyingi kadiri ilivyohitajika. Kila aliposema alisubiri panga lichomolewe, alisubiri mtu apige hatua ya kwanza kuelekea shambani. Wanawake waliingia majumbani mwao. Walitoka na magunia. Mmoja baada ya mwingine waliyaburuta hadi uwanjani na kuyafungua midomo, na lundo likaanza kuwa kilima.

Mama Matika alirudi akasimama mbele ya Nyemo.

"Ulijua lini?"

"Asubuhi ile kwenye uzio."

"Nikakuuliza kama kuna neno."

"Uliniuliza."

"Na haya maua yaliyowahi?"

"Ni sisi pia. Tuliyaita ili muache kuchuma bila kuambiwa. Punje ni salama, mama mdogo, naapa kwa kaburi la mama. Ila itakuwa nusu."

"Nusu." Alilirudia neno hilo kama anayelipima uzito kiganjani. "Ungesema siku ile, tungeacha siku ileile. Shamba lingebaki zima. Magunia haya yasingekuwepo. Matika angekuwa amekaa hapa."

"Niliogopa. Tulidhani mkisikia sumu mtaling'oa shamba lote."

Mama Matika alimtazama. Hakuwa na hasira. Hasira Nyemo angeiweza. Alikuwa anashangaa kweli, kama mtu anayejaribu kumwelewa mgeni asiyejua lugha.

"Tung'oe," alisema, "halafu tule nini?"

Mama yake mdogo aliingia ndani kwa miguu yake mizito, Nyemo akimfuata, akaegemea lundo la magunia yake mwenyewe, akalivuta la juu.

"Shika huko," alisema. "Usiliburute, litapasuka."